Betri ya Kukodi na Barabara ya Dodoma

Anayeishi Kondoa hupimia gari lake Dodoma. Kutoka kwetu hadi Dodoma mjini ni kilomita 160 hivi, na mwisho wa barabara hiyo ndiko yaliko mambo yetu mazito: hospitali ya rufaa, ofisi za serikali, vyuo vya watoto, na siku hizi treni ya kwenda Dar es Salaam. Upande wa kaskazini tuna Kolo na michoro yake ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kisha Bereku, kisha Babati. Lakini mtu wa Kondoa akikuuliza kama gari lako ni zima, anauliza jambo moja tu: linafika Dodoma?

Nimeijua barabara hii ikiwa ya vumbi. Wakati wa mvua, basi lililoondoka asubuhi liliweza kuwaingiza abiria Dodoma usiku, matope yakiwa yamewafika magotini kwa kulisukuma. Lami ilijengwa kwa vipande, Dodoma hadi Mayamaya, Mayamaya hadi Mela, Mela hadi Bonga, Bonga hadi Babati, jumla kilomita 251, kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA ya Japani, na ilizinduliwa mwaka 2018. Tangu hapo umbali ukawa hesabu ya saa badala ya bahati. Lami ndiyo iliyotufungulia fikra ya gari la umeme. Kwenye barabara ile ya zamani tusingethubutu hata kulitaja.

Kwa miaka mingi tuliendesha RAV4, ile ambayo mtaani inaitwa Miss Tanzania. Lilitutumikia vizuri, na kwa mwendo wetu lita moja ilitupeleka kilomita 10 hivi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, sisi tulio mbali na bandari tunajua kwamba yetu itakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Lita ikiwa karibu shilingi 3,000, kila kilomita ilitugharimu shilingi 300 za petroli kabla ya kugusa oili wala plagi.

Mwaka 2024 tulipanda treni ya umeme kutoka Dodoma, wiki chache baada ya safari za Dar es Salaam hadi Dodoma kuanza Julai 25. Wakati huohuo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilikuwa ikiwashwa mmoja baada ya mwingine kuelekea megawati 2,115. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na huwa hasemi jambo kabla ya kulipima, alitazama nje ya dirisha kwa muda, kisha akaniambia, "Baba, kama umeme unavuta mabehewa yote haya, utashindwa kutubeba sisi watano?"

Swali lake lilitupeleka hadi kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye alituwekea bei mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya gari aina ya SUV pamoja na betri yake. Ya pili ilikuwa ya gari lilelile bila betri. Kwa bei hii ya pili gari lingekuwa letu, betri ingebaki mali ya kampuni, na sisi tungelipa ada ya kila mwezi kwa kuitumia. Tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa kubwa kiasi cha kuamua kama tungehitaji mkopo wa SACCOS au la. Betri ndiyo kiungo ghali kuliko vyote katika gari la umeme, kwa hiyo ukiitoa kwenye bei, gari linasogea karibu na mfuko wa mtumishi wa umma.

Nilipousoma mkataba ule wa kukodi, niliwakumbuka ng'ombe wa baba.

Kondoa ya utoto wangu ilikuwa nchi ya makorongo. Ardhi ya Haubi na vilima vinavyoizunguka ilikuwa imeliwa na maji hadi nyumba zikaning'inia kwenye kingo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wengi hawakuuza. Waliwapeleka ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa nyanda za chini, kwa utaratibu ambao wazee waliujua tangu zamani: maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe akifa, anayelisha analeta ngozi mbele ya mashahidi.

Baba aliwapeleka wake kwa baba mkubwa. Nakumbuka jinsi mambo yalivyopangwa kabla ng'ombe hawajaondoka zizini. Walisimama wakamtaja kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake. Walikubaliana ng'ombe akizeeka nani ataamua achinjwe au auzwe. Walikubaliana akiibwa itakuwaje, na akifa kwa ndigana itakuwaje. Na zaidi ya yote, baba alimjua anayempa na njia ya kumfikia: mwendo wa siku moja kwa miguu. Utaratibu ule ulidumu kwa sababu kila hasara iliyoweza kutokea ilikuwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Betri ya kukodi ni ng'ombe wa namna hiyo, ila safari hii mlishaji ni wewe. Maziwa yako ni kilomita. Ng'ombe mwenyewe ni wa mtu mwingine, naye anazeeka kila siku, ukimkamua na usipomkamua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, uliza uzee wake uko juu ya nani.

Betri za magari haya huchakaa kwa njia zinazojulikana. Joto huzichosha. Kuchaji kwa kasi kila mara huzichosha. Zikiachwa siku nyingi zimejaa pomoni au zimekauka kabisa, huchoka pia. Mwaka 2012 wamiliki wa Nissan Leaf wa Arizona, jangwani Marekani, walilalamika kwamba magari yao mapya kabisa yalikuwa yakipoteza masafa haraka kuliko walivyotarajia. Leaf ya wakati ule haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto la kule ni kali. Baada ya malalamiko hayo Nissan ilitoa dhamana ya kiwango cha betri ambayo mwanzo haikuwapo. Kondoa si Arizona, tuko juu na usiku wetu una baridi, lakini kuegesha Dodoma mchana wa Novemba ni jambo la kuhesabiwa.

Hofu ya uzee huo ndiyo iliyozaa biashara ya kukodisha betri. Renault ilipoingiza gari lake la Zoe sokoni Ulaya mwaka 2012 na 2013, wanunuzi wengi walimiliki gari na kukodi betri, na kampuni iliahidi kuitengeneza au kuibadilisha ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa. Kwa Toyota, kampuni ambayo Mtanzania anaiamini kuliko zote, jambo hili lilinishangaza zaidi. Ilipotoa SUV yake ya umeme, bZ4X, nchini Japani Mei 2022, haikuiuza kwa wateja wa kawaida. Iliipangisha kupitia kampuni yake ya KINTO, pamoja na ahadi kwamba betri ingebaki na asilimia 70 ya uwezo wake kwa miaka 10 au kilomita 200,000. Milango ya kuinunua moja kwa moja ilifunguliwa baadaye, mwishoni mwa 2023. Nilijifunza kitu hapo. Kama mtengenezaji mwenyewe anaona uzee wa betri ni mzigo mzito kiasi cha kuubeba yeye ili mteja apate amani, basi mzigo huo una thamani ya fedha, na anayekuuzia gari bila kuutaja amekuachia wewe uubebe.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiendesha pikipiki za umeme tangu 2019 kwa mpango wa dereva kumiliki pikipiki na kubadilishana betri kituoni kwa dakika chache. Nairobi, BasiGo ilianza mwaka 2022 na mabasi ya abiria 25 yenye uwezo wa kwenda kilomita 250, wakitangulia Citi Hoppa na East Shuttle. Mwenye basi alilinunua kwa bei ya karibu na la dizeli, shilingi milioni 5 za Kenya, kisha akalipa shilingi 20 za Kenya kwa kila kilomita, na ndani ya fedha hizo mlikuwamo betri, kuchaji na matengenezo. Nilipokwenda Nairobi kwa mafunzo ya kazi nilipanda moja la mabasi hayo, nikazungumza na kondakta. Hakusifu betri. Alisifu kwamba likigoma asubuhi, fundi yuko pale pale wanapochaji.

Maneno yale yalinikaa. Mpango wa betri ya kukodi unafaulu Kigali na Nairobi kwa sababu mwenye betri yuko karibu na betri yake. Gari linarudi mikononi mwake kila siku, na likisimama naye mapato yake yanasimama. Mwenye betri akiwa mbali, au akitoweka, mpango hudhoofika haraka. Kule Israeli kampuni ya Better Place ilijenga vituo vya kubadilishia betri za Renault Fluence Z.E. na kusifiwa duniani kote, kisha Mei 2013 ikafilisika. Wenye magari walibaki nayo, lakini mtandao uliofanya magari hayo yawe na maana ukafungwa.

Kijijini kwetu tumewahi kuona sura ndogo ya kumtegemea mwenye mali aliye mbali. Mama alipata sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, na ilimtoa kwenye kibatari. Lakini malipo yakichelewa, mtambo unajifunga wenyewe kutoka mbali, na taa hazijui kama aliyechelewa ni mgonjwa au ni mkaidi. Betri ya gari la kisasa nayo huwasiliana na mwenye nayo kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo kifungu cha mkataba kinachoeleza yanayotokea malipo yakichelewa nilikisoma nikiwa na picha ya gari lililosimama Haneti, njiani kwenda Dodoma, watoto wakiwa ndani.

Baada ya kulitazama jambo kwa upande wa mkataba, tuliligeuza kwa upande wa barabara. Hapa ndipo mke wangu alipochukua kalamu. Amesindikiza wagonjwa wa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile iliyo pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, saa ambazo hakuna duka lililo wazi njiani. Kwake masafa hayapimwi kwa safari ya kawaida. Yanapimwa kwa ile safari ambayo huwezi kuiahirisha: usiku, mvua inanyesha, gari limejaa, na umeme umekatika tangu jioni. Alisema, "Tutafute gari linaloweza safari hiyo likiwa limezeeka. Likiwa jipya kila gari linaweza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyounganisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nayapima mbalimbali. Betri ikizeeka kinachopungua ni masafa. Kwa hiyo mkataba wa betri, kwa mtu wa Kondoa, ni ahadi ya masafa. Kama haukuandika betri ikishuka hadi asilimia ngapi itabadilishwa, na kwa muda gani, na wapi, basi umekodi kitu ambacho hasara yake bado ni yako. Unalipa ada ya mwenye mali na kubeba hasara ya mwenye mali, na mali si yako.

Tulifanya hesabu kwa uniti, kwa sababu uniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja inayotajwa kwenye karatasi za magari. SUV ya familia ikienda mwendo wa 80, tukipunguza kila kijiji chenye kibao cha 50, tuliikadiria itumie uniti 18 kwa kilomita 100. Kwenda Dodoma ni uniti 29. Niliogopa mlima, kwa kuwa Kondoa iko juu zaidi ya Dodoma, lakini hesabu ilinitoa hofu: kuinua gari la tani mbili mita 300 kwenda juu kunahitaji chini ya uniti mbili, na sehemu ya nguvu hiyo hurudi betrini gari linaposhuka. Kinachokula betri ni mwendo. Kutoka 80 hadi 110 upepo unakuwa mzito kupita unavyodhani, na hakuna kitufe kinachoongeza masafa kuliko mguu wa dereva.

Kisha tukaweka masharti ya mke wangu. Tukifika Dodoma tubaki na robo ya betri, kwa ajili ya mchepuko, foleni na kiyoyozi. Ina maana betri iwe na uniti 39 zinazotumika. Na iwe hivyo hata baada ya miaka, ikiwa imepoteza robo ya uwezo wake. Ina maana ikiwa mpya iwe na uniti 52. Namba hiyo iliandikwa kwenye karatasi ikabandikwa ukutani jikoni, na ilitusaidia kuliko maneno ya wauzaji wote.

Ilitusaidia kwanza dhidi ya namba za matangazo. Magari mengi yanayofika kwetu yametumika Japani, na masafa yanayoandikwa kwenye matangazo yake mara nyingi ni ya kipimo cha kule. Nissan Leaf ya uniti 40, iliyotoka mwaka 2017, kwa kipimo cha Kijapani cha JC08 ilipewa kilomita 400. Gari hilohilo kwa kipimo cha Marekani lilipewa 243. Ukinunua kwa namba ya kwanza utadhani unakwenda Dodoma na kurudi bila wasiwasi. Kwa namba ya pili unafika, lakini ikiwa betri imeshapoteza asilimia 20, unafika ukitafuta soketi. Kwa mizunguko ya Dar es Salaam ni gari zuri na la bei nafuu. Kwa karatasi yetu ya jikoni lilikuwa dogo. BYD Atto 3, SUV yenye betri ya uniti 60.48 na kilomita 420 kwa kipimo cha Ulaya, ilivuka mstari.

Tuliuliza pia kuhusu kuchaji, na tuliamua kupanga kana kwamba njiani hakuna pa kuchajia. Soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa waya wa ampea 10, hutoa uniti mbili na robo hivi kwa saa. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni uniti 20 kwenye mita, na ukiondoa zinazopotea kwa joto, ni kama kilomita 100. Inatosha kabisa kwa maisha ya Kondoa: kazini, shule, sokoni, hospitali. Haitoshi kujaza betri iliyokauka kwa usiku mmoja. Hivyo tuliweka sheria ya nyumba: nusu ndiyo sifuri yetu. Mshale ukifika nusu, gari linachomekwa, kwa kuwa mvua za Januari zinaweza kuangusha nguzo na simu ya rufaa haisubiri TANESCO. Fundi alivuta laini ya peke yake kutoka kwenye mita, akakagua waya wa ardhi, akatuonya tusitumie ekstensheni. Dodoma tunafikia kwa shemeji, na kabla ya kuchomeka tunamrushia tokeni za LUKU. Adabu hiyo ndogo imetuwekea mlango wazi.

Sasa fedha. Uniti moja kwa matumizi ya kawaida, pamoja na kodi, ni shilingi 350 na ushei. Kilomita 100 zikila uniti 20 za mita, kila kilomita ni shilingi 70 hivi, badala ya 300 za petroli. Kwa kilomita 1,200 kwa mwezi, ambazo ndizo mwendo wetu, akiba inakaribia shilingi 275,000. Ada ya betri tuliyopewa ilikula zaidi ya nusu ya akiba hiyo, na ilikuwa ya mwezi: ilipwe gari likitembea au likilala. Aliyekuwa akiendesha teksi kutwa angeifidia. Familia inayoegesha gari saa 20 kwa siku inalipia betri iliyolala.

Mfano wa India ulinisaidia kuona jambo hili bila giza. Septemba 2024 gari la familia la MG Windsor lilitolewa kwa bei mbili: rupia 999,000 bila betri, pamoja na rupia 3.5 kwa kila kilomita, au kuanzia rupia 1,350,000 pamoja na betri. Tofauti ni rupia 350,000 na ushei. Igawanye kwa 3.5 upate kilomita 100,000. Huo ndio mstari. Atakayeendesha chini ya hapo amenufaika na kukodi, na atakayevuka ataanza kulipa zaidi ya aliyenunua, ukiacha riba pembeni. Sisi kwa mwendo wetu tungefika kilomita 100,000 baada ya karibu miaka saba. Mtanzania hununua gari ili akae nalo, kisha amwachie mtoto au amuuzie jirani. Miaka saba kwetu ni katikati ya maisha ya gari. Hesabu hiyo moja, tofauti ya bei kugawa kwa gharama ya kilomita, kila mnunuzi anaweza kuifanya nyuma ya risiti kabla hajasaini.

Tulimrudia muuzaji na maswali, na nilipenda kwamba alitujibu bila kuficha. Betri ikishuka hadi asilimia ngapi mnaibadilisha? Mkataba haukutaja asilimia. Fundi wenu wa karibu yuko wapi? Dar es Salaam na Arusha. Gari likisimama njiani, tuseme Chemba, nani analivuta hadi huko? Mteja. Nikitaka kuliuza, anayenunua analazimika kuurithi mkataba? Ndiyo, na kampuni imkubali kwanza. Kampuni ikiuzwa au ikifungwa, betri inakuwa ya nani? Swali hilo aliomba muda aliulizie.

Mke wangu aliufunga mkataba taratibu, akamshukuru, akasema, "Hapa wamekodisha betri na uzee wake wametuachia sisi." Tulichukua njia ndefu: mkopo wa SACCOS, na gari lenye betri yake. Tuliagiza SUV iliyotumika Japani, betri ikivuka uniti 52 za karatasi yetu, na tulikubali kulipa salio pale tu tulipopewa kipimo cha afya ya betri kilichosomwa na mashine, si kwa jicho. Betri hiyo ni ya aina ya chuma na fosfeti, inayostahimili joto na kujazwa mara kwa mara kuliko aina nyingine nyingi. Gari halina kimo cha kuvuka makorongo ya Haubi wakati wa mvua, nasi hatulilazimishi. Tukienda kwa mama tunaliacha kwenye lami, tunapanda bodaboda.

Majirani wanaokuja kuuliza nawapa mambo matatu. La kwanza, kama unanunua lililotumika kutoka Uingereza, hakikisha betri imeuzwa pamoja na gari. Renault na Nissan zote ziliwahi kukodisha betri kule, na kadi ya gari haikuambii kama betri bado ina mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la betri ni lake peke yake. La pili, kwa Leaf iliyotumika, tazama mistari 12 ya uwezo pembeni ya kipimo cha chaji. Ukipotea mstari wa kwanza tu, jua kiasi cha asilimia 15 zimeshakwenda. La tatu, andika safari yako isiyoahirishika, ipige kwa uzee wa betri, na usikubali namba ya muuzaji yeyote kabla hujaipata yako.

Siikatai betri ya kukodi. Kwa mwenye daladala, kwa kijana wa bodaboda, kwa anayekimbiza kilomita 200 kwa siku mjini, huenda ndiyo njia pekee ya haki ya kuingia kwenye umeme bila kufungwa na mkopo. Hata kwetu mikoani itafika wakati wake. Akipatikana mwenye betri aliye na karakana Dodoma, anayeandika kwenye mkataba kwamba betri ikishuka chini ya asilimia 70 ataibadilisha kwa gharama yake, anayetoza kwa kilomita badala ya mwezi, na anayeeleza mbele ya mashahidi kitakachotokea siku kampuni ikifungwa, mimi mwenyewe nitawapeleka majirani zangu kwake. Watu wa Kondoa tumeishi na mali ya wengine zizini mwetu kwa vizazi, na tunajua kuitunza. Tunachodai ni kwamba siku ng'ombe anapozeeka, mwenye ng'ombe aonekane.